Barua ya Shule: Je, Inasomwa Nyumbani Kwako?

Ilikuwa Jumapili jioni, tarehe 21 Aprili 2024. Nilikuwa napiga pasi sare za watoto wakati binti yangu wa miaka 11 alipokumbuka kunipa kikaratasi alichokuwa nacho kwenye begi tangu Ijumaa. Kilikuwa kidogo kama kiganja cha mkono, kina mistari mitatu. Kilisema kwamba wasichana wote wa miaka 9 hadi 14 watachomwa sindano shuleni wiki inayoanza, kwamba waje wamevaa nguo za mikono mifupi, na kwamba wazazi wazingatie. Chini palikuwa na muhuri wa shule. Basi.

Sindano ya nini? Kwa nini wasichana peke yao? Kikaratasi hakikusema. Kesho yake asubuhi, bombani, maswali hayo yalipata majibu, tena mengi. Mama mmoja alisema ni majaribio ya dawa. Mwingine alisema amesikia ni sindano ya kufunga uzazi. Wa tatu hakusema neno. Alijitwika ndoo yake akaenda zake, na binti yake hakuonekana njiani siku ile. Katika mtaa wetu peke yake wasichana wasiopungua kumi hawakwenda shule.

Ndugu msomaji, naona haya kuandika kwamba mmoja wao alikuwa wa kwangu.

Ukweli wa jambo lenyewe niliujua Jumatano, nilipoamua kwenda zahanati kuuliza. Muuguzi alinieleza kwa upole. Ile ilikuwa chanjo ya HPV, inayowakinga wasichana na virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili hiyo ya 2024 ilikuwa inapanuliwa iwafikie wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu. Hutolewa mapema hivyo kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi hivyo. Haifungi uzazi.

Nilirudi nyumbani nikilia. Shangazi yangu, aliyenilea, alikufa kwa saratani hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemwogesha miezi yake ya mwisho. Naujua ugonjwa ule. Kisha kinga yake ilipokuja mpaka mlangoni kwangu, niliifungia mlango, kwa sababu tu karatasi ilikuwa na mistari mitatu badala ya kumi.

Alhamisi nilimpeleka binti yangu mwenyewe, akachanjwa. Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona mwalimu mkuu. Sikwenda kwa ugomvi, lakini nilisema yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, maneno yako ni ya kweli. Lakini nina walimu 14 na watoto zaidi ya 800. Nani ataandika hayo maelezo marefu?"

Nikamjibu, "Mwalimu, tuandike pamoja."

Ndivyo ilivyoanza barua ya shule yetu, yaani karatasi ya habari ambayo sasa hutoka kila mwezi kwenda kwa wazazi. Nimeona niwaandikie akina mama wenzangu yale tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu, maana na hayo hatukuyakosa.

Si jambo la kigeni

Wapo waliotuambia kwamba mambo ya barua za shule ni ya shule za kulipia, zenye kompyuta na ofisi zenye mazulia. La hasha. Jambo hili ni la kale katika Kiswahili. Mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, Msimulizi, lilianza mwaka 1888 katika shule ya misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Lilipeleka habari za vituo vya misheni kwa watu waliosoma pale na kutawanyika mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi. Na Mambo Leo, ambalo wazee wetu wengi walilisoma, lilianzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu.

Kwa hiyo shule inayowaandikia watu wake haiigi mtu. Inarudia desturi iliyowahi kuwa yetu.

Kwa nini karatasi za shule hazisomwi?

Kabla ya kuandika chochote tulifanya jambo moja ambalo nashauri kila shule ilifanye. Tulikwenda kuwauliza wazazi. Tulikuwa akina mama wawili, na tulikaa nao sokoni, bombani na saluni. Swali letu lilikuwa: "Karatasi ikitoka shuleni, unafanya nini?"

Jibu la kwanza, karibu kwa kila mmoja, lilikuwa kicheko. Kisha: "Naangalia kwanza wanataka shilingi ngapi." Wazazi walikuwa wamezoea kwamba shule hukumbuka kuwaandikia siku inapotaka kitu. Mama mmoja alisema karatasi ya shule ni kama mgeni ambaye huja tu wakati wa kula.

Jibu la pili lilikuwa lugha. "Mnatakiwa", "bila kukosa", "atachukuliwa hatua". Mzazi akisoma maneno hayo anajiona yuko mbele ya hakimu. Hawezi kuuliza swali, maana hakuulizwa lolote.

La tatu, karatasi hufika zimechelewa. Mkutano ni kesho asubuhi, na mama ana mzigo wa nyanya unaofika alfajiri hiyo hiyo. Mwisho shule husema wazazi wa siku hizi hawajali.

La nne lilitugusa zaidi. Baba mmoja alituambia, "Nina watoto watatu pale shuleni. Sijawahi kupata karatasi inayoniambia wanajifunza nini."

Toleo la kwanza lililofungia karanga

Ungedhani kwamba baada ya kusikia yote hayo tungeandika vizuri mara ya kwanza. Hatukuandika vizuri. Toleo la Mei lilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Wa pili ulikuwa orodha ya walimu na vyeo vyao. Wa tatu ulieleza historia ya shule tangu ilipojengwa. Wa nne ulikuwa na shukrani kwa viongozi wa kata, kila mmoja na cheo chake kamili.

Siku nne baadaye nilinunua karanga kituo cha daladala. Nilipofungua, nikakutana na uso wa mwenyekiti wetu.

Nilicheka, lakini nilielewa. Tulikuwa tumeandika yale ambayo shule inapenda kuyasema juu yake. Hatukuandika yale ambayo mama anataka kuyajua akiwa amechoka, saa moja usiku, maharage yako jikoni na mtoto mdogo yuko mgongoni. Mama huyo ana dakika tano. Katika dakika hizo anataka kumwona mtoto wake na kujua la kufanya.

Kuanzia Julai tulibadili kila kitu. Barua ikawa karatasi moja tu, mbele na nyuma.

Mambo yanayomfanya mzazi asome

Anza na tarehe. Juu kabisa, ndani ya kisanduku, weka siku za mwezi huo: kufunga na kufungua shule, mitihani, mikutano, siku ya wahudumu wa afya. Andika siku, tarehe na saa. Kisanduku hiki tuliwaomba wazazi wakikate na kukibandika ukutani. Nimekiona katika nyumba nyingi, kimebandikwa kwa ugali karibu na mlango.

Eleza sababu. Kila linaloombwa au kutangazwa lifuatwe na neno "kwa sababu". Linganisha matangazo haya mawili. La kwanza ni kama tulivyozoea kuyaona:

"Wazazi wote wa darasa la nne mnatakiwa kuhudhuria mkutano tarehe 14 bila kukosa."

La pili ni lile tulilolitoa Septemba:

"Wazazi wa darasa la nne, karibuni shuleni Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa 3 asubuhi. Tutazungumza kwa muda wa saa moja na nusu kuhusu upimaji wa taifa wa darasa la nne, kwa sababu watoto wengi bado wanashindwa hesabu za maneno, na nyumbani mnaweza kutusaidia. Njoo na daftari la hesabu la mwanao. Kama huwezi kufika, mtume mtu mzima mwingine wa nyumbani, au mwone mwalimu wa darasa siku yoyote baada ya saa 8 mchana."

La pili ni refu, ndiyo. Lakini limejibu lini, wapi, kwa nini, kwa muda gani, uje na nini, na ufanyeje usipoweza. Viti havikutosha siku ile. Wazazi wengine walikaa kwenye madirisha.

Waambie watoto wanajifunza nini. Kila darasa lilipewa mistari mitatu. Mmoja unasema wanachosoma mwezi huo, na miwili inasema mzazi afanye nini nyumbani bila kutumia pesa. Kwa darasa la kwanza: "Tunasoma silabi. Mwambie mtoto akutafutie 'ma' na 'ka' kwenye mfuko wa sukari au gazeti." Kwa darasa la tatu: "Tunazidisha. Mpe mtoto kazi ya kukupigia hesabu ya mafungu ya mchicha: fungu moja ni shilingi kadhaa, mafungu sita je?" Sehemu hii ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na wazazi wengi walikuwa wakisema hawaelewi tena watoto wanafundishwa nini. Mistari mitatu kwa mwezi iliwarudisha karibu na daftari.

Toa hesabu ya fedha. Hapa kuna mengi, maana penye fedha ndipo penye maneno. Wazazi wengi wanajua kwamba tangu Januari 2016 kuna utaratibu wa elimu bila ada katika shule za serikali, na kwamba serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji. Wakati huo kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilikatwa kwa ajili ya vitabu. Lakini ni wangapi wanajua fedha iliyofika shuleni kwao imenunua nini? Tulianza kuandika, kwa maneno mepesi: mwezi huu zimepokewa kiasi hiki, chaki zimenunuliwa kwa kiasi hiki, kitasa cha darasa la pili kiasi hiki, zimebaki hizi. Mwalimu mkuu alisita mwanzoni. Baadaye alikiri kwamba minong'ono juu yake ilipungua sana, na kwamba alilala vizuri zaidi.

Wape watoto nafasi ya kuandika. Pembe ya chini ya ukurasa wa pili ni ya watoto. Mtoto mmoja huandika sentensi tano au sita: jinsi walivyopanda miti, chura aliyeingia darasani, mapishi ya bibi yake. Mama atakayeona jina la mwanawe limeandikwa pale hatafungia karanga karatasi hiyo hata siku moja. Tulihakikisha mwalimu anachagua watoto mbalimbali, wala si wale wanaoongoza darasa peke yao. Mtoto wa 50 darasani naye ana mama.

Acha nafasi ya kujibu. Chini kabisa pana mstari wa nukta na maneno: "Swali langu kwa shule ni..." Mzazi anakata kipande hicho na kukirudisha kwa mkono wa mtoto. Toleo linalofuata hujibu maswali mawili au matatu. Swali la kwanza kabisa tulilopata lilikuwa: "Kwa nini vyoo vya wasichana havina milango?" Halikuwa swali la kupendeza kujibiwa hadharani. Lilijibiwa, na kabla ya mwaka kwisha milango ilikuwapo.

Kosa nisilolisahau

Sasa nieleze jambo ambalo ningependa nilifiche. Nalisema ili wewe usilirudie.

Shuleni kwetu wazazi walikubaliana kuchangia mahindi na maharage ili watoto wale mchana. Mwezi wa Agosti stoo ilikuwa karibu tupu. Wengine walikuwa wametoa, wengine bado. Katika kikao chetu cha barua mtu mmoja akasema, "Tuwaandike majina. Watatoa tu." Mtu huyo ni mimi. Tukaandika majina 11 ya watoto ambao nyumbani kwao hawajatoa. Mwalimu mkuu alikuwa safarini, na hakuna aliyetuzuia.

Ijumaa barua ikagawiwa. Watoto, kama tulivyowafundisha, waliisoma kwa sauti.

Jumatatu msichana mmoja wa darasa la sita hakuja. Jumanne hakuja. Alhamisi mwalimu wake aliniambia, nami nikaenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama yake akioga moshi kwenye jiko la vitumbua. Ndani, mumewe alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta. Alikuwa fundi ujenzi, na alianguka kutoka kwenye jukwaa mwezi wa Juni. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa inakula vitumbua vile.

Nilianza kusema habari za mtoto kurudi shule. Yule mama alinikatiza bila kupandisha sauti.

"Deni nalijua, mama. Ulidhani nimesahau? Ungenifuata hapa ningekueleza. Lakini wewe umenifuata kwa watoto mia nane."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, yeye na mumewe, na yule binti pia, aliyekuwa amejikunja nyuma ya mlango. Mimi, ambaye miezi minne kabla nilikuwa nimelia kwa sababu shule haikunitendea kama mtu mwenye akili na moyo, nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi kwa mama mwingine. Na nililifanya kwa karatasi ile ile tuliyoianzisha kwa sababu ya maumivu yangu.

Mwalimu mkuu aliporudi alikasirika, na alikuwa na haki. Alitukumbusha kwamba tangu ada ilipofutwa, maelekezo ya serikali yalikuwa wazi: mtoto asifukuzwe wala kunyimwa masomo kwa ajili ya mchango. Sisi hatukumfukuza kwa mdomo, lakini tulimfukuza kwa aibu. Tena nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Hali ya nyumba ya mtu si habari ya kutangazwa.

Tangu siku ile tuna kanuni ambazo zimebandikwa ukutani mahali tunapoandikia:

Jina la mtoto litaandikwa kwa jambo jema tu, na kwa ruhusa ya mzazi.

Deni, ugonjwa, adhabu na matokeo mabaya ya mtoto mmoja mmoja havitaandikwa kamwe.

Picha ya mtoto haitatolewa kabla mzazi hajakubali.

Hakuna toleo litakalotoka kabla mwalimu mkuu na mzazi mmoja hawajalisoma lote.

Tukikosea, toleo linalofuata litasema tumekosea.

Habari za chakula tunaziandika bado, lakini kwa jumla: magunia yaliyohitajika, yaliyofika, yaliyopungua. Chini yake pana maneno haya: "Mwenye shida amwone mwalimu wa chakula. Atasikilizwa faraghani." Wazazi saba walikwenda mwezi ule ule. Wawili walipewa muda. Wanne waliomba kuleta kuni badala ya maharage. Mmoja alijitolea kupika siku mbili kwa wiki. Stoo ilijaa zaidi kuliko ilivyojazwa na majina yetu 11.

Na mzazi asiyejua kusoma?

Wapo, nasi tusijifanye hawapo. Wapo pia bibi wengi wanaolea wajukuu, ambao macho yao hayaoni tena herufi ndogo. Dawa yake ni mtoto mwenyewe. Siku barua inapotoka, kazi ya nyumbani kwa madarasa ya juu huwa moja: "Msomee barua hii mtu mzima mmoja, kisha mwombe aweke sahihi au dole gumba." Mtoto anajifunza kusoma kwa sauti, na bibi anapata habari kutoka kinywa anachokipenda.

Kwa ajili hiyo tunatumia sentensi fupi na herufi kubwa. Na kabla ya kuchapa, mmoja wetu huisoma barua kwa sauti. Pale anapojikwaa ulimi, ndipo tunapobadili.

Yale ya haraka hatuyaachi yategemee karatasi. Tunaomba yasomwe kanisani na msikitini, na mjumbe wa mtaa naye huyapitisha.

Karatasi au simu?

Akina mama vijana wanauliza: kwa nini msitume kwenye kundi la WhatsApp, mkaokoa karatasi? Makundi hayo tunayo, na yanafaa kwa jambo la leo: mvua imeharibu daraja, shule itachelewa kufunguliwa. Lakini tuliona mambo mawili. Kwanza, si kila nyumba ina simu ya aina hiyo, na mara nyingi pale ilipo hutoka asubuhi mfukoni mwa baba. Pili, tangazo la shule huzama chini ya salamu, picha za maua na habari za kusambaza ambazo hakuna ajuaye zilikotoka. Uvumi wa sindano ulipita humo humo.

Kwa hiyo tunafanya yote mawili. Karatasi inakwenda nyumbani, na picha ya karatasi hiyo hiyo inatumwa kwenye simu. Neno ni lile lile, likiwa na muhuri.

Gharama na kazi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikosi chetu kina watu sita: akina mama wawili, baba mmoja, mwalimu wa Kiswahili na wanafunzi wawili wa madarasa ya juu. Jumatatu ya mwisho wa mwezi tunakusanya habari. Jumatano tunaandika. Alhamisi mwalimu mkuu anasoma. Ijumaa ya kwanza ya mwezi barua inatoka. Siku hiyo haibadiliki, ndiyo maana wazazi sasa huiulizia wenyewe.

Mwanzoni tulitaka kumpa kila mtoto nakala. Kisha tukahesabu nyumba badala ya watoto. Ndugu watatu hutoka nyumba moja, na nakala moja inawatosha. Tulikuta nyumba hazizidi 500, na rimu moja ya karatasi ina karatasi 500. Nakala hubebwa na mtoto mkubwa kuliko wote wa nyumba hiyo. Gharama za kurudufu tunagawana: shule inatoa karatasi, na mzazi mmoja mwenye duka la photokopi hutupunguzia bei. Tunamshukuru kwa mstari mmoja kila toleo. Hatuweki matangazo ya biashara, ili mzazi asije akadhani shule inauzwa.

Kama shule yenu haina hata karatasi, msingoje. Ubao mmoja mweusi ukutani karibu na lango, ulioandikwa upya kila Ijumaa kwa mwandiko mzuri, unaweza kufanya nusu ya kazi hii.

Sindano ilipokuja tena

Mwaka uliofuata wahudumu wa zahanati walikuja tena shuleni kuwachanja wasichana waliofikia umri. Safari hii barua ilikuwa imetangulia kwa wiki mbili. Nusu ya ukurasa ilikuwa maswali na majibu, na muuguzi alituhakikishia kila jibu. Ni chanjo ya nini? Kwa nini wasichana? Kwa nini mapema hivi? Je, inaumiza? Tuliandika kwamba mkono unaweza kuuma na homa kidogo ikaja, kisha huisha. Tuliandika pia kwamba akina mama sisi wenyewe, ambao chanjo hii haikutukuta, tunahitaji kwenda kupimwa dalili za awali za saratani hiyo. Na mwisho: "Una wasiwasi? Muuguzi atakuwapo shuleni Jumanne saa 10 jioni kukujibu."

Siku ile asubuhi nilikuwa bombani. Maneno yalianza tena, maana maneno hayaishi. Lakini yule jirani aliyenyamaza mwaka uliopita, akajitwika ndoo na kuondoka, alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye kanga yake akasema, "Ngojeni niwasomee." Akasoma yote, taratibu, huku ndoo zikijaa na kumwagika. Hakuna aliyebisha. Saa mbili asubuhi mabinti wetu walikuwa njiani kwenda shule.

Na yule mama wa vitumbua? Hajajiunga nasi katika kikosi cha barua, nami simlaumu. Lakini kila Jumanne huleta mzigo wa kuni shuleni, na tukikutana tunaamkiana. Mwezi uliopita binti yake aliandika kwenye pembe ya watoto. Alieleza jinsi anavyopiga hesabu ya unga, sukari na mafuta mpaka kujua kila kitumbua kinamwachia mama yake shilingi ngapi. Kabla ya kuichapa nilikwenda kumwomba mama yake ruhusa. Aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Andikeni na jina lake."

Mama mwenzangu, leo jioni fungua begi la mwanao uone shule imekuandikia nini. Kama haijakuandikia, au imekuandikia mistari mitatu tu, usiishie kunung'unika bombani. Nenda kwa mwalimu mkuu, mwamkie vizuri, umwambie: "Mwalimu, tuandike pamoja."